Mshono Unapoonekana: Jinsi ya kutazama filamu za wanafunzi kabla ya kupanga mwanzo wa filamu yako

Walimu wenzangu, vijana wetu, na ninyi mliokuja mkidhani leo ni kuangalia filamu tu: habari za asubuhi, na karibuni sana.

Kwenye kila kiti mmekuta karatasi moja yenye safu sita. Msiijaze bado. Na naomba asiwepo wa kujipepea nayo, tutaihitaji mwishoni.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga dakika mbili za mwanzo wa filamu. Nilipokubali, aliyenialika aliniuliza nitakuja na filamu gani za mfano, akanitajia majina makubwa manne matano. Nikamwambia nitaleta kazi za wanafunzi. Akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema kwa adabu, "Mwalimu, si ungewaonyesha zilizo nzuri?"

Tuanzie hapo hapo. Mpe anayejifunza ushonaji koti la fundi bingwa. Atalisifu, atalivaa, atajigeuza mbele ya kioo, na atalivua bila kujua limeshonwaje, maana kazi ya bingwa ni kuuficha mshono. Mpe la mwanafunzi wa mwaka wa pili. Ataona uzi ulipokatika ukaungwa, mfuko uliopachikwa kwa sababu kitambaa kilipelea, na pale ambapo, kwa akili au kwa bahati, bega limekaa sawasawa. Filamu za wanafunzi ziko hivyo. Tena zimetengenezwa na mtu mwenye shida zako: simu moja au kamera moja ya kuazima, rafiki mmoja aliyekubali kuigiza, chumba kimoja, Jumamosi moja. Bingwa alikuwa na watu wa taa, watu wa sauti, watu wa kuzuia magari. Ukimwiga, mengi utakayoiga yalinunuliwa.

Niwasimulie aibu yangu mwenyewe, ili nikizisema kazi za wengine mjue nami nimo. Filamu yangu ya kwanza ya masomo ilianza na saa ya mezani ikilia. Mkono ukatoka kwenye shuka ukaizima. Kijana akaamka, akapiga miayo, akaenda bafuni, akapiga mswaki, akajitazama kwenye kioo muda mrefu kama mtu mwenye mawazo mazito. Halafu miguu ikishuka ngazi. Ile miguu niliionea fahari sana, maana nililala sakafuni kuipiga. Siku ya kuonyesha, mama mmoja aliyeketi mbele yangu alimgeukia mwenzake akamwuliza kwa sauti ya chini, ila haikuwa ya chini vya kutosha: "Sinema yenyewe inaanza saa ngapi?" Tulikuwa tumeshafika dakika moja na sekunde 40.

Nilipoanza kufundisha ndipo nikajua ile saa haikuwa yangu peke yangu. Nimeletewa saa zinazolia nisizoweza kuzihesabu. Nimeletewa pia msichana anayekimbia msituni akitazama nyuma, muuaji aliyevaa sweta la kofia asiyeonekana uso, simu inayoita bila kupokewa, na mtu anayeshtuka kitandani akihema, kumbe ni ndoto. Watu huzicheka. Mimi nimeacha kuzicheka, kwa sababu kuna jambo la ajabu ndani yake: hawa ni vijana wasiofahamiana, wanaosoma mahali tofauti, na wote wameishia kwenye shoti ileile, yaani kipande kilekile cha picha kati ya mkato mmoja na mwingine. Nani kawatuma?

Umetuma upungufu. Chumba cha kulala kipo na hakilipiwi. Mwigizaji ni mmoja, kwa hiyo hana wa kuzungumza naye, kwa hiyo anapiga mswaki. Mwandishi hajajua hadithi inaanzia wapi, basi anaianzisha pale siku inapoanzia, asubuhi. Msituni hakuhitajiki taa, na anayekimbia hahitaji kukariri maneno. Kuhema kwenyewe kunaonekana kama uigizaji. Na yule muuaji wa sweta ndiye ninayempenda kuliko wote. Ukimchunguza utakuta ni mpigapicha mwenyewe, au dada wa mwongozaji, au yeyote aliyekuwepo siku hiyo. Uso haukuonyeshwa kwa sababu hapakuwa na uso wa kuonyesha.

Kwa hiyo ukiiona shoti kama hiyo, kuandika "imezoeleka" hakukusaidii. Andika: hapa alikosa nini? Ukishajua shoti ilikuwa dawa ya ugonjwa gani, unaweza kutafuta dawa nyingine, maana ugonjwa huo nawe unao.

Mwaka 1967 mwongozaji wa Marekani Martin Scorsese, akiwa New York University, alitengeneza filamu fupi ya kama dakika sita iitwayo The Big Shave. Hesabuni alichokuwa nacho: bafu, kijana, kioo. Ni mali ileile niliyokuwa nayo mimi! Lakini kamera yake haimfuati kijana kutoka kitandani. Inaanza na bafu lenyewe, likiwa tupu: weupe, mabomba yanayong'aa, usafi uliopitiliza, na juu yake muziki laini wa jazi wa zamani. Kijana anaingia, ananyoa ndevu, anamaliza. Halafu anajipaka sabuni tena, na sasa wembe unaanza kumchana. Ule weupe wa mwanzo ulikuwa unaisubiri damu. Nilipoiona mara ya kwanza nilikumbuka bafu langu na nikaelewa kosa lake: halikuwa linasubiri chochote.

Sasa niwapeleke karibu zaidi, kwenye mwanzo mmoja wa mwanafunzi ambao nimeutazama labda mara thelathini. Jina lake silitaji. Alikuwa na miaka 17 na hakuomba awe somo la mtu.

Shoti ya kwanza, sekunde 9. Mikono ya mtoto inapiga kiatu cheusi rangi. Kamera imetulia, imewekwa juu ya kitu. Muziki hakuna. Kuna sauti ya brashi tu, iliyorekodiwa kwa karibu mno hata unahisi nywele za ile brashi. Shoti ya pili, sekunde 6. Mtoto anatia mguu wake ndani ya kiatu, na nyuma ya kisigino panabaki nafasi ya kuingiza ngumi. Ya tatu, sekunde 11, ndefu kuliko zote: mlango umefungwa, chini yake pana mwanga, na vivuli vya miguu ya watu vinapita nje, kimoja, kingine, kingine. Brashi haisikiki tena. Ya nne, sekunde 5: mikono inaviweka viatu sakafuni vikiwa jozi, ncha zimeelekezwa mlangoni. Ya tano, sekunde 4: kivuli kimoja kinasimama. Skrini inakuwa nyeusi, jina la filamu linatokea.

Jumlisheni. Sekunde 35, shoti tano, chumba kimoja, mwigizaji mmoja ambaye uso wake hatujauona. Ukumbini watu walikuwa wameacha kutafuna.

Nimewahi kuionyesha darasani na msichana mmoja akaniambia jambo ambalo katika mara zote hizo sikuwa nimeliona. Alisema, "Mwalimu, kiatu kinachomsubiri anayekuja kingeelekea ndani. Hivi vimeelekea nje. Huyu mtoto hamsubiri mtu arudi, anamwandalia mtu aondoke." Tukabishana hadi kipindi kikaisha. Sekunde 5 za viatu sakafuni zilituzalia saa nzima ya mabishano!

Watega vitendawili wanaijua kazi hii vizuri. "Nyumba yangu haina mlango." Mteguaji haambiwi rangi ya yai, haambiwi habari za kuku. Anapewa nyumba, halafu ananyimwa mlango. Sote tunaona kwamba kilichomnasa ni kile alichonyimwa. Tunachosahau ni kwamba nyumba alipewa kwanza. Mianzo mingi ya wanafunzi inanyima vyote: giza, moshi, mtu tusiyemjua, mahali tusipopajua, anafanya jambo tusiloliona. Mtengenezaji anadhani ametega, kumbe mtazamaji hajapata hata pa kushika. Yule kijana wa viatu alitupa kiatu, mtoto na mlango, vyote vikionekana wazi kabisa kwenye mwanga mzuri, akatunyima mtu mmoja tu.

Halafu, ole wake, baada ya jina filamu inajiharibia yenyewe. Inaingia sauti ya mtoto ikisimulia: baba aliondoka miaka mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo mama hakucheka tena, na kadhalika. Niliona migongo ikirudi kuegemea viti. Nilimtafuta yule kijana baadaye nikamwuliza kwa nini aliiweka. Akaniambia alimwonyesha mtu mzima mmoja rasimu yake, kwenye simu, wakiwa wanatembea, na mtu mzima akasema haelewi. Kijana akaogopa. Kwa hiyo pale kwenye mshono ule kuna masomo mawili kwa bei ya moja, na la pili ni kwamba mwanzo wa filamu hauonyeshwi kwa mtu anayetembea.

Mwaka uliofuata, baada ya kuizungusha filamu hiyo darasani, nililetewa filamu tatu zenye viatu. Moja ilikuwa raba zinazotembea kwenye korido. Nyingine viatu virefu vinavyoshuka ngazi, yaani ile miguu yangu imenirudia. Ya tatu siikumbuki, na hilo lenyewe linatosha. Walikuwa wameiga picha wakauacha uamuzi. Uamuzi wa yule kijana ulikuwa huu: chukua kitu cha mtu asiyekuwepo, na uonyeshe mtu mwingine akikitunza. Haukuwa lazima kitu hicho kiwe kiatu. Mwanafunzi wa nne ndiye aliyeshika. Yeye alileta shoti moja ya sekunde 7: miswaki miwili ndani ya glasi, mmoja unadondosha maji, mwingine una vumbi. Mswaki, mnaona? Ule ule ulionishinda mimi.

Basi unatazamaje ili uupate uamuzi? Mimi hutazama mara nne, na mara ya kwanza bila kalamu. Hii msiiruke kwa kujiona wataalamu. Unahitaji kujua ulichoka wapi na ulishtuka wapi kabla akili haijaanza kutoa sababu.

Mara ya pili zima sauti kabisa. Muziki ni mdanganyifu mkubwa. Kuna mianzo ya kutisha ambayo ukiizima sauti unabaki na mtu anatembea kwenye korido, basi, kama anaenda kuchukua risiti. Hofu yote ilikuwa kwenye ngoma na violini vilivyopakuliwa mahali. Ile ya viatu, ukiizima sauti, inapoteza kidogo lakini inasimama.

Mara ya tatu fumba macho. Hapa ndipo wanafunzi wanapoumbuka, na ndipo mnapoweza kujifunza bila gharama. Mtasikia friji ikinguruma kwenye shoti moja na kukatika ghafla kwenye inayofuata. Mtasikia sauti ya mtu ikiwa karibu, kisha ikiwa kama imetoka ndani ya pipa, kwa sababu maikrofoni ilikuwa kwenye kamera na kamera imesogea mita tatu nyuma. Mtasikia upepo. Mtazamaji huvumilia picha yenye kiza kuliko sauti mbovu. Picha yenye kiza anaweza kudhani umekusudia. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kuondoka kwenye chumba mlichopigia, waambieni wote wanyamaze, rekodini ukimya wa chumba kile kwa dakika moja. Huo ukimya ndio mtakaoutandika chini ya shoti zote wakati wa kuhariri, na mikato haitasikika. Na sauti ndogo ndogo, kama brashi ile, zirekodini peke yake, simu ikiwa karibu kabisa na kitu.

Mara ya nne ndipo karatasi inapoingia. Safu sita: namba ya shoti, sekunde, ukubwa wa picha, mwendo wa kamera, sauti, maandishi. Unasimamisha kila panapokatwa na kuandika. Inachosha. Inachosha sana, na hakuna njia ya mkato ninayoijua. Lakini ukishajaza karatasi tatu za filamu tatu, unaanza kuona hesabu ambazo jicho haliwezi kukupa.

Chukua dakika mbili, ambazo ni sekunde 120. Ukiwa na majina kumi ya waigizaji na watengenezaji ya kuonyesha, kila moja sekunde 4 juu ya skrini nyeusi, umeshatumia sekunde 40. Theluthi nzima ya mwanzo wako ni weusi na herufi! Au chukua shoti. Ukipanga shoti za sekunde 4 kwa wastani, unahitaji shoti 30. Una Jumamosi moja, tuseme saa nane za kupiga. Hiyo ni dakika 16 kwa kila shoti, humo humo kuna kusogeza taa, kukosea, kurudia, kumtafuta mwigizaji aliyeenda kununua soda. Yule kijana wa viatu alifika kwenye jina la filamu kwa shoti tano. Watu husema alikuwa na kipaji cha utulivu. Labda. Mimi nadhani pia alipiga hesabu.

Majina yenyewe ni eneo ambalo wanafunzi huliacha hadi usiku wa mwisho, na inaonekana. Herufi nyeupe juu ya shati jeupe. Herufi zinazochuruzika damu. Jina la mtu mmoja likitokea mara sita: ameandika, ameongoza, ametayarisha, amepiga picha, amehariri, na "shukrani za pekee" kwa mama yake mwenye jina hilo hilo la ukoo. (Mtu mmoja akiwa na kazi sita, ziwekeni kwenye kadi moja, hakuna atakayemdharau.) Katika filamu ndefu za kawaida majina ya mwanzo huwa na mpangilio: kampuni, waigizaji wakuu, jina la filamu, kisha mafundi, na mwongozaji akifunga. Wanafunzi wengi hujiweka wa kwanza. Si dhambi, lakini mtazamaji aliyezoea sinema huhisi kuna kitu kimekaa upande.

Na majina yanaweza kufanya kazi. Mwaka 1955 mbunifu wa michoro Saul Bass alibuni majina ya mwanzo ya The Man with the Golden Arm, filamu ya mwongozaji Otto Preminger kuhusu mtu aliyetekwa na dawa za kulevya. Ni vipande vyeupe tu vinavyosogea juu ya weusi, hadi vinakuwa mkono uliopinda vibaya. Zamani hizo ilikuwa kawaida majina kurushwa pazia la ukumbi likiwa bado halijafunguliwa, watu wakiendelea kutafuta viti. Makopo ya filamu hii yalikwenda kumbini na agizo kwa warushaji: fungueni pazia kabla ya majina. Vipande vyeupe juu ya weusi! Ninyi mna mkasi na karatasi. Na kama majina yatakaa juu ya picha, yapangeni kabla ya kupiga: mpigapicha aache upande mmoja wa fremu wazi. Kwenye ile ya viatu, mlango umewekwa kushoto, na kulia kuna ukuta mtupu sekunde 11 zote. Ndipo yalipokaa majina ya waigizaji. Nilipogundua hivyo nilicheka peke yangu, kwa maana ile shoti ndefu niliyokuwa nikiisifia utulivu wake ilikuwa pia ubao wa matangazo.

Mkifika kwenye filamu zenu wenyewe, msikimbilie kamera. Chora shoti zako hata kama hujui kuchora. Vijiti na vichwa vya duara vinatosha. Ipige picha michoro hiyo kwa simu, ipange kwenye programu ya kuhariri, kila mchoro kwa sekunde ulizoziandikia, weka na ile sauti moja unayoitegemea zaidi. Tazama. Hapo ndipo utakapojua, bila kumwamsha mwigizaji wala kuazima taa, kwamba miguu yako inayoshuka ngazi ina sekunde 14 na hakuna kitu chini ya ngazi. Mwonyeshe mtu asiyeijua hadithi, akiwa ameketi, na usimwulize kama ameipenda. Atasema ndiyo, ni ndugu yako. Mwulize: sasa unataka kujua nini? Akikujibu kwa swali linalohusu mtu, endelea. Akikujibu "mbona haionekani vizuri," rudi kwenye nyumba, umemnyima kabla ya kumpa. Na akianza kukueleza kisa chote hadi mwisho, toa ile sauti ya msimulizi, kama ulikuwa umeiweka.

Nimesema ya kutosha, na nimeshawasimulia shoti tano ambazo mngeziona wenyewe. Yule kijana, ambaye sasa ni mtu mzima, ameniruhusu niwaonyeshe mwanzo wake pamoja na ile sauti aliyoijutia. Mzunguko wa kwanza bila kalamu. Wa pili tutazima sauti. Kuanzia wa nne mtashika karatasi zenu, na naomba safu ya sekunde ihesabiwe na wawili wawili, maana mmoja husinzia. Aliye karibu na swichi, tuzimie taa.